Kichupa cha Kumi na Mbili

Chama kilianza na watu saba na birika moja la chai, na kati ya hao saba, wanne walikuwa wavutaji. Watu wakisikia hivyo hucheka, na wacheke tu. Aliyevuta kuliko wote alikuwa Profesa, mwanzilishi mwenyewe. Aliwahi kuacha sigara mara tisa, na mara zote tisa aliandika kwenye kijitabu saa aliyoacha, saa aliyorudia, na sababu aliyojidanganya nayo siku hiyo. "Panya wangu wa kwanza ni mimi," alikuwa akisema, wala haoni aibu. Alitaka kujua jambo moja: ni nini ndani ya jani lile kinachomshinda mtu mwenye akili zake timamu.

Siku hizo hakuna aliyewatia maanani. Madaktari wa jengo la pili waliwaita Chama cha Moshi. Walisema kuvuta sigara ni mazoea tu, kama kutafuna kucha, na mazoea hayapimwi kwa mashine. Chama kikapewa chumba kimoja mwisho wa korido, ubavuni mwa stoo ya mafagio, chenye dirisha lisilofunguka na bomba linalolia kila likifunguliwa. Humo ndimo walimoanzia kazi ambayo leo watu wanaisoma vyuoni.

Na humo ndani mwenye amri hakuwa Profesa. Alikuwa fundi wa maabara, mama wa makamo, mfupi, mwenye mdomo, waliyemwita Mama Matone kwa sababu mkono wake ulidondosha tone moja likawa moja kweli, asubuhi hadi jioni, bila kutetemeka. Alichora mstari mwekundu sakafuni pale mlangoni. Mvutaji havuki. Profesa alikuwa anasimama ng'ambo ya mstari huo, shingo ameinyoosha, anaulizia habari za vichupa vyake.

"Rudi nyuma, Profesa. Kidole cha mguu kimevuka."

"Samahani, Mama."

Na anarudi kweli, hatua nzima. Mama Matone alimpendea hapo hapo. Alikuwa amefanya kazi na wakubwa wengi, wa kila aina, na hakuwahi kumwona mkubwa anayetii sheria iliyowekwa na fundi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta hata sigara moja, na jambo hilo alilivimbia kichwa, tuseme ukweli. Nyumbani alikuwa na vita ya kila siku na mumewe, fundi saa, aliyefanyia kazi sebuleni kwenye meza ya dirishani, lenzi jichoni, sigara inaungua kwenye kisahani pembeni. "Bwana wewe huna msimamo," alikuwa akimwambia. "Ninao," mumewe anajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana sibadiliki." Watoto wote walikuwa wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuamua ugomvi huo, na wao wenyewe walikuwa wameuzoea kiasi kwamba usipokuwepo nyumba inapooza.

Sasa kazi yenyewe. Kwa miaka miwili chama kilitafuta wavutaji wanaokubali kuacha sigara kwa siku tatu tu, wakitolewa damu kila siku. Waulize waliowahi kujaribu kama siku tatu ni mchezo. Walipatikana arobaini. Damu zao zote zilipita mikononi mwa Mama Matone, na mashine ikapima nikotini: kalamu yake inachora kilima juu ya karatasi, kilima kikubwa nikotini nyingi, kilima kidogo nikotini kidogo. Siku ya kwanza kilima kirefu. Siku ya pili kimeshuka. Siku ya tatu kimebaki kidogo, kama kichuguu, na kwa kila mtu kimebaki vilevile. Hakiondoki. Profesa alipoona hivyo alikaa chini kule koridoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikotini inajificha mwilini, alisema. Ndiyo maana mtu akishaacha siku tatu bado inamwita.

Akaandika ripoti. Ingesomwa Jumamosi, kwenye mkutano wa kwanza wa hadhara wa chama, mbele ya kila mtu, na wale wa jengo la pili wamealikwa mstari wa mbele. Ripoti ikisimama, chama kimesimama. Ikianguka, stoo ya mafagio inapata chumba cha pili. Kila mmoja alilijua hilo.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo zilikuwa zimebaki damu kumi na moja za kumalizia. Damu huzungushwa kwanza kwenye mashine inayokwenda kasi sana, ili chembe zake nzito zishuke chini na maji yake ya manjano yabaki juu. Mashine hiyo haitaki kuelemewa upande mmoja. Ukiweka vichupa kumi na moja itatikisika mpaka itoke mezani. Kwa hiyo kichupa cha kumi na mbili huwekwa maji matupu, ya kusawazisha tu, na mzunguko ukiisha maji hayo humwagwa. Mama Matone alikuwa ameyamwaga mara mia.

Siku hiyo alikuwepo daktari wa kifua, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, ambaye wote walimwita Bi Pumua maana ndilo neno alilowaambia wagonjwa kutwa nzima. Hakuwa mvutaji, aliruhusiwa kuvuka mstari. Alikuwa amekuja kulalamika kuhusu viti vya Jumamosi. Viti vya mbao au vya chuma, vya kukodi au vya kuazima, na nani kasema wageni watakuwa hamsini. Mama Matone akamjibu, naye akajibiwa, na mikono ikaendelea na kazi yake yenyewe kama inavyofanya mikono iliyozoea. Vyote kumi na viwili vikachukuliwa, vikatiwa dawa, vikatikiswa, vikakaushwa kwenye visahani vya kioo, vikaingia kwenye mashine ya kupima nikotini.

Kalamu ikachora vilima kumi na viwili.

Alihesabu tena. Kwenye orodha kulikuwa na majina kumi na moja. Akafuata namba kwa kidole hadi ya mwisho. Kichupa cha kumi na mbili kilikuwa maji. Na maji yale yalikuwa na kichuguu kilekile cha siku ya tatu.

"Bi Pumua," alisema polepole. "Maji yanavuta sigara?"

Ieleweke vizuri. Haikuwa kwamba maji hayakuwahi kupimwa. Kila asubuhi walichukua maji kutoka kwenye chupa wakayapeleka moja kwa moja kwenye mashine, kalamu ikachora mstari ulionyooka, wakasema mashine ni nzima. Ila kuyapitisha maji njia nzima, kuanzia kichupa mpaka kisahani, mkono kwa mkono kama damu, hakuna aliyewahi kufikiria. Watu saba wenye vichwa vyao, miaka miwili, na hakuna.

Jumanne aliosha kila kioo kilichokuwemo chumbani, akafungua chupa mpya za dawa, akapitisha maji tena. Kichuguu. Akamshuku Profesa, akamshuku mtu wa stoo, akaishuku hewa ya dirisha lisilofunguka. Jumatano alimwomba Bi Pumua afanye kazi yote yeye, hatua kwa hatua, na yeye Mama Matone akatoka kabisa, akasimama koridoni nyuma ya mstari wake mwenyewe, akimwelekeza kwa mdomo. Bi Pumua hakuwa na subira na vichupa, akalaani viwili vitatu, lakini alimaliza. Kalamu ikachora mstari ulionyooka kama rula.

Kisha Mama Matone akaingia, meza ileile, chupa zilezile, maji yaleyale. Kichuguu kikarudi.

Wakarudia hivyo mara nne. Mara ya tatu alivaa koti jipya la kuazima, kichuguu kikapungua, lakini hakikuisha. Hapo ndipo alipoinua mkono wake mwenyewe puani. Kisha akashika ncha ya kilemba chake akanusa. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwake, harufu aliyoizoea mpaka haisikii tena, harufu ya meza ya dirishani.

Alikaa kwenye kiti. Mstari mwekundu ulimzuia kila mtu isipokuwa aliyeuchora.

Bi Pumua alisimama kando yake. Akasema, "Mwenzangu, sema wewe. Nikisema mimi itakuwa mashtaka."

Tusimfanye malaika. Alilifikiria la kukaa kimya. Kumwaga maji ni kazi ya sekunde mbili, na karatasi ile ya mashine ingekunjwa ikaingia kwenye pipa, na Bi Pumua hakuwa mtu wa kumchongea. Ripoti ingesomwa, wageni wangepiga makofi, na yeye angebaki na meza yake. Maana alijua vizuri kitakachofuata akisema. Mtu ambaye maji yake yana nikotini hawezi kugusa damu ya kupimwa nikotini. Angeondolewa mezani. Mkono ule ulikuwa ndiyo elimu yake yote, hakuwa na shahada wala cheo, na bila meza alikuwa mama mfupi mwenye mdomo tu. Aliyafikiria hayo kwa muda wa kunywa chai, na chai yenyewe ikapoa haijaguswa.

Kisha akapiga moyo konde, akamfuata Profesa koridoni, akampa karatasi zote nne.

Profesa alizisoma amesimama. "Mkono wa daktari?"

"Sifuri. Mara zote."

"Na wako?"

"Kilima. Mara zote."

"Mara ngapi?"

"Nne, Profesa."

Akatia mkono mfukoni, akatoa sigara, akaitazama, akairudisha. "Basi ripoti yangu imekufa."

"Nimeiua mimi."

"Imeuawa na maji, Mama. Na afadhali imefia mikononi mwetu kuliko kufia mikononi mwa wale." Akaonyesha kwa kidevu upande wa jengo la pili. Macho yalikuwa yamemlegea, maana miaka miwili si haba, lakini sauti haikuwa na lawama hata chembe, na Mama Matone aliitafuta lawama hiyo kwa makini. "Jumamosi iko palepale. Utasoma wewe."

"Mimi ni fundi."

"Kilichotokea kimetokea mkononi, si kichwani. Nani mwingine atakieleza?"

Nyumbani hakusema kitu. Alimwambia mumewe kwamba kuna mkutano, kwamba utakuwa wa kuchosha, kwamba asihangaike kuja. Alisema hivyo mara tatu, na mke akishasema mara tatu usije, mume gani hatakuja? Jumamosi mchana, Mama Matone aliposimama mbele ya ukumbi na karatasi mkononi, kitu cha kwanza alichokiona ni fundi saa kwenye kiti cha mstari wa mwisho, amenyoa ndevu, amevaa koti la sherehe, anatabasamu kwa fahari kama yeye ndiye aliyemfundisha kusoma.

Mstari wa mbele wale wa jengo la pili walikuwa wamekunja nne.

Akasoma. Alieleza mashine ya kuzungusha, na kichupa cha kumi na mbili, na viti vya Bi Pumua, watu wakacheka kidogo. Alieleza jinsi walivyorudia. Alisema matokeo ya siku ya tatu hayasimami na chama kinayaondoa yote. Ukumbi ukanong'ona. Mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishapata alichokuja kutafuta, nikotini hiyo ilitoka wapi kama fundi havuti.

Angeweza kusema haijulikani bado.

"Ilitoka kwangu," alisema. "Sijawahi kuvuta. Nyumbani kwangu kuna moshi." Hakutazama mstari wa mwisho. "Alhamisi daktari alinitoa damu, akaipima kwa mkono wake mwenyewe, mimi niko nje. Ninayo kwenye damu. Si kwenye koti tu. Kwenye damu."

Aliyeuliza alikunjua miguu yake. Mwenzake wa kulia, ambaye tangu mwanzo alikuwa anachora maua kwenye daftari, alianza kuandika.

"Kwa hiyo naomba chama kiweke sheria," aliendelea Mama Matone, akiikunja karatasi. "Asiguse damu mtu yeyote kabla hajapitisha maji njia nzima na yakatoka sifuri. Kila Jumatatu. Profesa au fundi, sawasawa. Nami kwa sheria hiyo natoka mezani kuanzia leo."

Profesa alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuunga mkono hoja, na alivyouinua ungedhani anainua mzigo. Wote saba wakainua, na wa mwisho kuinua alikuwa mwenye hoja. Ikapita.

Ndipo kiti kikakwaruza kule nyuma. Fundi saa alikuwa amesimama. Tabasamu lilikuwa limemtoka kitambo, koti la sherehe limemlegea mabegani.

"Mimi si mwanachama," alisema. "Mimi ni mumewe. Nauliza tu. Huo moshi wa nyumbani ukitoka nje, yaani usiingie ndani tena kabisa, maji yake yatarudi sifuri?"

Watu wote wakageuka kumtazama, kisha wakageuka kumtazama mkewe. Na Mama Matone, mbele ya kadamnasi, akamjibu kama mtu wa sayansi.

"Sijui. Hakuna aliyewahi kupima."

"Baada ya siku ngapi?"

"Sijui, baba watoto."

Profesa alishavuta daftari la kumbukumbu. "Andika," alimwambia Bi Pumua, aliyekuwa katibu. "Swali la kwanza la chama. Limeulizwa na fundi saa."

Hivyo ndivyo kilivyoanza, na anayetaka kukisimulia kwa namna ya kupendeza zaidi akitafute chama kingine. Wale wa jengo la pili walikaa kunywa chai, na wiki iliyofuata wawili walikuja mwisho wa korido kuomba kupitisha maji. Mmoja alifeli.

Mama Matone alihamia koridoni, kwenye kiti nyuma ya mstari, akaelekeza mikono ya wengine kwa mdomo wake, na mdomo huo sasa ulifanya kazi ya watu wawili. Kila Jumatatu aliruhusiwa kuingia mara moja, kupitisha maji. Nyumbani walifua mapazia, wakasugua kuta, wakatoa godoro juani. Fundi saa akawa anatoka nje kila mara, lenzi ameipandisha kwenye paji la uso, saa ya mtu ameiacha mezani matumbo wazi. Majirani walimsumbua. Umefukuzwa, bwana? "Niko kazini," aliwajibu. "Mimi ni mtafiti."

Alijaribu kuacha kabisa, mara mbili. Mara ya kwanza alifika jioni ya siku ya pili. Mara ya pili aliivuka siku ya tatu, akaanguka ya tano, akarudi ndani macho chini. Mama Matone aliandaa mdomo wake kusema lile la msimamo, na halikutoka. Alikumbuka zile damu arobaini, na vilima vile virefu vya siku ya kwanza. Alikuwa amevichora mwenyewe kwa miaka miwili bila kufikiria kwamba kimojawapo kingeweza kuwa cha mtu wake. Aliona haya kuliko siku ile ya mkutano. Akachukua kijitabu, akamuuliza ilikuwa saa ngapi, na alikuwa anafikiria nini, akaandika.

Wiki ya kwanza kilima kilishuka. Ya nne kikawa nusu. Ya saba kikagoma, kumbe kulikuwa na kofia kuukuu kabatini. Jumatatu ya kumi na moja Bi Pumua alisimama kando ya mashine amekunja mikono, na Profesa nje ya mstari, shingo nje, na kalamu ikapita mahali pale ilipozoea kupanda. Haikupanda. Ikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa karatasi.

"Rudia," alisema Mama Matone, na wakarudia, na ikawa vilevile. Profesa alivua miwani akaifuta muda mrefu. Bi Pumua alimvuta kiti chake kutoka koridoni, akakiingiza ndani, akakiweka mezani pake.

Alikwenda nyumbani mchana huohuo kwa miguu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Fundi saa alikuwa amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, chini ya ukingo wa paa, lenzi kwenye paji la uso, sigara imefichwa ndani ya kiganja isilowe.

"Ngapi?" aliuliza.

"Sifuri."

Alitikisa kichwa, akatikisa tena. Kisha uso ukamkunjamana. "Miaka thelathini na moja," alisema. "Miaka thelathini na moja nimekuwa nikikuvutisha sigara, mama watoto, na hukuniambia."

"Sikujua. Hakuna aliyejua."

Akamsogelea. Mumewe akarudi nyuma haraka, mgongo ukagonga ukuta, mkono wenye sigara ameunyoosha mbali, na mwingine ameuweka mbele kumzuia.

"Usinishike. Utaharibu sifuri yako."

Mama Matone akausukuma kando mkono huo, akamkumbatia, akaubana uso wake kwenye shati lililojaa moshi, akavuta pumzi.

"Maji yanapimwa Jumatatu," alisema. "Leo bado nina siku saba."